Mtumbwi Juu ya Uchanja

Karibu mwezi wote wa Mei nilikuwa nampigia simu mdogo wangu kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha ushonaji, kumuuliza jambo lilelile: Mto Bubu umebaki na maji kiasi gani? Yeye anaishi ndani huko, magharibi ya Chemba, karibu kabisa na mto, na ni mfugaji, kwa hiyo kipimo chake ni ng'ombe. Leo atasema yanamfika tumboni. Keshokutwa atasema yameshuka, yako magotini. Nikikata simu nabaki nimesimama uani kwangu Ipagala, mjini Dodoma, mkono kiunoni, najaribu kukumbuka mguu wa ng'ombe una urefu gani.

"Huyo ng'ombe ni mkubwa au ni mtamba?" nilimuuliza siku moja.

"Ni yuleyule wa jana, dada. Yule mwenye pembe moja."

"Pembe inahusu nini na maji?"

"Wewe si umeuliza ng'ombe yupi?"

Huyo ndiye mdogo wangu. Hana haraka hata kidogo, wala hajawahi kumwelewa mtu mwenye haraka, na mimi nimezaliwa kiguu na njia. Mama yetu alikuwa akisema nilitembea kabla sijajifunza kukaa. Lakini mwezi ule hakikuwa kiherehere changu cha kawaida. Roho ilikuwa juu kwelikweli, kwa sababu mume wangu alitaka kuhama.

Hakutaka kuhamia kwa mwanamke mwingine. Mwanamke ningejua pa kumkamatia. Alitaka kurudi kwao Ukerewe. Alikuja Dodoma kijana, karani katika ofisi ya serikali, tukaoana, tukazaa, tukajenga, na miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akilalamikia vumbi wala ukame. Alipostaafu ndipo kisiwa kilipoanza kumwita. Kaka yake alimpigia simu kwamba kuna kiwanja cha ukoo kimebaki wazi kando ya ziwa. Jioni hiyohiyo, tukiwa tunakula ugali na mlenda, akaniambia kwa upole kwamba angependa kumalizia maisha yake kule, na kwamba kabla ya mwaka kuisha atakuwa ameshakwenda. Nikitaka, twende wote. Nisipotaka, hatanilazimisha, atakuwa anakuja kunisalimia.

Kunisalimia! Mimi mke wake, nisalimiwe kama shangazi!

Nilimjibu maneno mengi na yote yalikuwa ya kweli. Nina wateja. Nina wajukuu mtaa wa pili. Nina nyumba ambayo kila tofali lake nilisimamia likipigwa. Ila lililo kubwa kuliko yote sikulisema, kwamba maji mengi yananitisha. Mimi ni Msandawe. Nimekulia mahali ambapo maji yanakaa chini ya mchanga, unachimba, unachuchumaa kando ya shimo, unayasubiri yajikusanye taratibu mpaka yatoshe kuchota kwa kata. Maji ya namna hiyo nayaelewa. Ya kwao yamezunguka pande zote na huwezi kwenda popote bila kuyavuka. Nilikwenda mara moja kumzika mama mkwe, na siku zote za msiba nilikaa nimelipa ziwa mgongo.

Baada ya jioni ile hatukugombana tena, na hilo ndilo lililonitesa. Mume wangu alihamia kwenye kiti cha plastiki karibu na geti. Alifungua redio na hakuisikiliza. Ukimpa chai anashukuru. Ukimuuliza kama ameshiba anasema ameshiba sana. Mtu anayegombana na wewe bado yupo. Huyu alikuwa ananiaga kidogokidogo kwa adabu, huku mimi nazunguka nyumba nzima na ufagio nikifagia palipokwisha kufagiliwa.

Ndipo akaja mteja mmoja kutoka Bahi kuchukua sare za kwaya. Kwao, miaka ambayo mbuga ya Bahi inajaa maji, watu huacha jembe na kuvua. Katika kupiga soga akasema kaka yake anauza mtumbwi mdogo wa gogo, kwa sababu amepata kazi mjini. Nilinyanyua mguu kwenye pedeli ya cherehani. Masika ya mwaka huo yalikuwa makubwa, na mdogo wangu alikuwa ameniambia Bubu unatiririka kutoka ukingo hadi ukingo. Basi, nikawaza, kama ni maji anayoyataka, hata sisi kwetu kuna maji. Nilinunua mtumbwi ule bila kumshirikisha mtu, nikatafuta lori la kenta lililokuwa linapeleka saruji Chemba, nikaupandisha juu ya mifuko na kuupeleka kwa mdogo wangu autunze.

Mpango wangu ulikuwa huu. Tungengoja mto upungue mpaka uwe wa kunifaa mimi, yaani nikianguka nisimame. Halafu tungeingia mtumbwini pale kwa mdogo wangu, mimi na mume wangu, tungeshuka polepole tukivua kambale na perege, tukilala kwenye mchanga, mpaka tukaribie Bahi. Angeshika kafi mkononi, angekula samaki aliyemvua mwenyewe, na lile neno la kuhama lingemtoka. Kwa maneno mengine nilikuwa namhonga mume wangu kwa mto.

Nilipomweleza alichekea puani.

"Bubu? Ule si mto, mama. Ule ni barabara ya mchanga."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, nikamwambia aende akaone kabla hajadharau kwetu. Kesho yake asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye kigoda, uzi wa nailoni umezungushwa kwenye kidole gumba cha mguu, anafunga ndoano. Vile vidole vilivyoshika kalamu maisha yote vilikuwa vinakwenda vyenyewe bila yeye kuvitazama. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Nilirudi jikoni kimyakimya nisimshtue.

Tangu hapo akawa na maswali. Ukingo una miti? Chini ni tope au mchanga? Kuna magogo yaliyozama? Alikwenda soko la Majengo akarudi na risasi ndogo za kuzamishia uzi. Alianza kuamka kabla yangu. Na jinsi alivyozidi kuchangamka ndivyo mimi nilivyozidi kuungua ndani, maana safari ilikuwa haitokei. Mwanzoni maji yalikuwa mengi, mdogo wangu akasema ng'ombe anaogelea, mimi nikakataa katakata. Yalipofika tumboni nikasema bado kidogo. Yalipokaribia magotini nikasema sasa, na siku hiyohiyo jirani yetu akafiwa, na msiba wa ukuta kwa ukuta huwezi kuuacha ukaenda kuvua samaki. Nilipika msibani, nilikaa mkekani, na katikati ya nyimbo za kanisa nilikuwa najiiba kwenda chooni kupiga simu.

"Maji?"

"Chini ya magoti kidogo, dada."

"Na mtumbwi?"

"Mtumbwi usiwe na shaka nao. Nautunza kama mbegu."

Hilo angalau lilinituliza. Nikamwambia mume wangu, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema shemeji yake ni mtu makini.

Matanga yalipokwisha tulipanda basi la kwanza. Njiani alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa na mtama umeanza kukatwa, na mume wangu akawa ananionyesha hiki na kile, maneno yanamtoka, lakini mimi macho yalikuwa kwenye kila daraja tunalopita. Chini ya madaraja kulikuwa na mchanga mtupu. Nilijiambia hivyo ni vijito, Bubu ni mto mkubwa. Chemba tulichukua bodaboda mbili. Ya kwangu ilikuwa mbele, na nilimhimiza dereva mpaka akaniuliza kama kuna mgonjwa.

Mdogo wangu alitupokea kwa furaha. Alimwamkia shemeji yake shikamoo kwa mikono miwili, akanisalimu mimi kwa lugha yetu yenye vidoko vya ulimi, akatuletea uji wa mtama. Sikuunywa. Nilipita moja kwa moja nyuma ya zizi hadi ukingoni.

Bubu ulikuwa umelala mweupe, mpana, umekauka. Katikati ya mchanga palikuwa na mchirizi mwembamba wa maji ambao mbuzi walikuwa wanauruka. Kwenye kona tu, chini ya mikuyu, ndipo palipobaki dimbwi refu la maji ya rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wawili walikuwa wameanza kuchimba visima vyao vya kiangazi. Nilisikia mume wangu amefika nyuma yangu na nikaogopa kugeuka.

"Maji yamekwenda wapi?" nilimfokea mdogo wangu.

"Nilikwambia chini ya magoti."

"Sikuambiwa kwenye dimbwi! Nilijua ni mto mzima!"

"Dada, ng'ombe anakunywa dimbwini. Mchangani atakunywa nini?"

Nilitaka kulia na kumpiga kwa wakati mmoja. Yeye akanihurumia, akaona anifurahishe kwa kitu ambacho hakina dosari. "Njooni muuone mtumbwi," akasema, na akatutangulia akitembea kwa kujidai.

Ulikuwa juu ya uchanja, pale anapoanikia mtama. Ulikuwa umeinuliwa kabisa kutoka ardhini, umelala kifudifudi juu ya fito, umepakwa majivu kila mahali dhidi ya mchwa. Chini yake palikuwa na mabaki ya moto wa samadi. Akatueleza kila hatua aliyofuata. Mchana aliuacha juani ukauke vizuri. Jioni aliufukizia moshi, wadudu wasiingie. Mvua za mwisho zilipomwagika aliufunika kwa ngozi mbili za ng'ombe, akatoka mwenyewe kwenda kuzishikilia upepo usizipeperushe. Kisha akasema neno ambalo nitalikumbuka mpaka kaburini: "Shemeji, tangu ufike hapa haujaguswa hata na tone moja la maji."

Mume wangu aliuzunguka. Akapitisha kiganja juu yake, na kiganja kikasimama. Ufa ulianzia kichwani ukaja hadi katikati, na ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza kidole. Akaingiza kidole. Pembeni palikuwa na nyufa nyingine mbili ndogo. Mti uliozoea kulala majini ulikuwa umekaushwa kwa upendo mpaka ukapasuka.

Kwetu kila kitu cha thamani kinakingwa dhidi ya unyevu. Mtama ukiloa umekwisha, maharage yakiloa yamekwisha, ngozi ikiloa inanuka. Mdogo wangu aliutendea mtumbwi ule mema yote anayoyajua. Na ningeachiwa mimi ningefanya hivyohivyo, kwa hiyo hata kumgombeza nilishindwa. Nilikaa chini kwenye gogo, nikaona safari imekufa, na kiti cha plastiki kinamsubiri mume wangu nyumbani.

Ila yeye alishakunja suruali. "Tuushushe," alisema.

"Tuupeleke wapi?"

"Majini. Una kiu."

Waliubeba wawili hadi dimbwini, wakaujaza maji na mawe, wakauzamisha wote usionekane. Mti utakunywa, alieleza, utavimba, nyufa ndogo zitajifunga zenyewe. Kwa ule mkubwa aliomba pamba na kitu cha kunata. Mimi nilichana kitenge changu cha zamani vipande vyembamba. Mdogo wangu akaleta nta kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki, akaiyeyusha kwenye sufuria. Tulikaa pale siku hiyo na zilizofuata tukingoja. Yaani wao walingoja. Mimi nilikuwa naenda dimbwini, narudi, naenda tena, natazama alama niliyoichora kwenye mzizi wa mkuyu, na kila nikifika maji yameshuka chini ya alama. Mti ulikuwa unavimba na dimbwi linapungua, na sikujua kipi kitawahi.

Hatimaye waliuibua, wakamwaga mawe, wakaugeuza. Mume wangu alipachika vitambaa kwenye ufa kwa ncha ya kisu, akamimina nta, akausawazisha kwa kidole gumba. Uliporudi juu ya maji ulielea. Uliingiza maji kidogo upande mmoja, akasema hayo ni ya kawaida, akanipa bakuli.

"La nini?"

"La kuyatoa. Panda."

Sijui niliwezaje. Nilishika bega la mdogo wangu, nikaweka mguu mmoja ndani, kitu kizima kikayumba, nikapiga kelele hadi wale wanawake wa visima wakasimama kutazama.

"Kaa katikati!" mume wangu akanifokea. "Usishike ukingo! Kaa, mwanamke!"

Hajanifokea hivyo tangu tuoane. Nilikaa. Alisimama nyuma yangu, ameshika mti mrefu ulionyooka badala ya kafi, akausukuma chini mara moja tu, nasi tukateleza. Ng'ombe mwenye pembe moja alikuwa amesimama mlemle, maji hayamfiki magotini, anatafuna na kututazama tukipita. Ningeweza kushuka na kutembea. Hata hivyo bakuli nilikuwa nimeling'ang'ania kifuani.

Halafu nikathubutu kugeuka kumtazama. Mgongo uliokuwa umepinda kwenye kile kiti ulikuwa umenyooka. Shingo ilikuwa imesimama. Alikuwa anaangalia maji kwa macho ambayo mimi sijawahi kuyaona, mimi niliyefua nguo zake na kumuuguza na kuzaa naye. Alitupa ndoano kando ya mizizi, uzi ukakazika, akavuta kambale mweusi mwenye sharubu akamwangusha karibu na miguu yangu. Nilipiga kelele tena. Alicheka kicheko kikubwa cha kijana, kikarudi kutoka ukingo wa pili.

Tukafika mwisho wa dimbwi. Mtumbwi uligusa mchanga ukasimama. Alisukuma tena, kwa nguvu, kama vile mchanga ungempisha. Haukumpisha. Akageuza, tukarudi tulikotoka, tukagusa mchanga wa upande huu. Akageuza tena. Sijui alifanya hivyo mara ngapi. Hakuwa anavua tena. Alikuwa anakwenda hadi maji yanapoishia na kurudi, anakwenda na kurudi, na uso uliokuwa umefunguka ukaanza kujifunga taratibu. Mimi nilikuwa nateka maji kwa bakuli na kuyamwaga nje, machozi yananitoka, na nikashukuru kwamba nimempa mgongo. Nilimleta pale ili nimwonyeshe kwamba kwetu kunamtosha. Nikaona kwa macho yangu kwamba hakumtoshi.

Kambale tulimla jioni, wa kuchoma. Hakuna aliyeitaja tena Bahi.

Asubuhi ya kuondoka mume wangu alimwambia mdogo wangu kwamba mtumbwi usirudi juu ya uchanja hata kwa dawa. Maji ya kuuzamisha hayatakuwepo, hivyo ufukiwe palepale mtoni, kwenye mchanga wa chini ulio na unyevu. Wakachimba karibu na visima vya wanawake hadi mchanga ukabadilika rangi na kuanza kutoa maji. Wakaulaza humo, wakauwekea mawe, wakaanza kuufunika. Mume wangu alikuwa na beleshi, mdogo wangu anasukuma kwa mikono, nami nimesimama ukingoni na mizigo, bodaboda zinatusubiri, kwa mara ya kwanza sina haraka ya kuondoka mahali.

Mdogo wangu akaacha kusukuma. "Shemeji, mvua zikikaribia nani atauchimbua? Mafuriko yakiukuta humu tutautafuta Bahi."

Mume wangu aliendelea kupiga beleshi, na hakuninyanyulia macho. Nilijua anachokiogopa. Alikuwa anaogopa kusema mbele ya ndugu yangu kwamba wakati huo hatakuwepo.

"Utauchimbua wewe," nilimwambia mdogo wangu. "Mvua zikianza sisi tutakuwa kisiwani."

Beleshi likasimama.

"Sisi nani?" mume wangu aliuliza.

"Mimi na wewe. Fukia, bwana, mchanga unakauka."